Chungu Kilichonyeshewa

Senge,

Mimi ndiye niliyekifinyanga kile chungu, shangazi yangu. Si wewe. Watu wa pande zote mbili za kijito wanakunywa humo wakiamini ni kazi ya mwisho ya mikono yako, na wanamwomba Mungu akulaze mahali pema kwa ajili yake, nami nasimama pembeni nikiitikia amina. Sijamwambia Mama. Sijamwambia kasisi. Nakwambia wewe kwa kuwa ni wewe tu ambaye hutaniuliza ni nani aliyeniruhusu.

Sheria naijua, wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha. Chungu cha kupatanisha watu hufinyangwa na mwanamke aliyekwisha koma kuzaa, tena aliyewahi kumzika mtoto wake. Msichana kazi yake ni kukanda udongo, kusaga vigae na kulainisha kwa kokoto, basi. Akitia mkono katika chungu kama hicho kabla ya wakati wake, amani hutoka kama mimba changa. Ndivyo wanavyosema. Na mimi ndiyo kwanza nimemaliza darasa la nane.

Acha nikueleze ilivyokuwa, kwa sababu hukuwepo, na kwa sababu nina hasira ambayo haina pa kwenda. Unajua mimi si msemaji. Mwalimu alikuwa akiniita nisome mbele ya darasa na sauti inakwama shingoni mpaka wenzangu wanaanza kukohoa kwa niaba yangu. Kwa hiyo naandika. Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha uliyoitumia na Mama Apolot katika soko la Tororo, miaka yote mliyouza vyungu bega kwa bega chini ya ule Mwamba, wewe Msamia na yeye Mteso, na hakuna aliyewauliza mnatoka upande gani wa nini.

Kabla ya bendera mbili za uhuru, kijito kile kilikuwa kijito tu. Wakati wa kiangazi ng'ombe wetu walivuka kula majani ya bonde la Wateso, nao walikuja kwetu kuchimba udongo wa kufinyangia. Halafu zikaja bendera, ya kwao kwanza, ya kwetu baadaye, na kijana mmoja akasema kwa mzaha pale kivukoni, "Hawa ng'ombe wenu wana pasi?" Siku hiyo watu walicheka. Kiangazi kilichofuata hakuna aliyecheka. Emojong, mwana wa Mama Apolot, alichomwa mkuki majini pale pale, na maji yakamchukua mpaka kwenye mawe tunapofulia. Kisha wao wakamuua mwanao Wandera akitoka sokoni. Hakuwa hata na fimbo. Alikuwa amebeba chumvi.

Kisha maghala yakachomwa, kisha nyumba, na kila nyumba waliyoingia, wetu kwao na wao kwetu, walivunja vyungu. Hilo hawalitaji kamwe wanaposimulia vita vyao. Wanataja ng'ombe. Ng'ombe anaweza kurudishwa. Lakini anayeingia jikoni kwa mwanamke na kuvunja vyungu vyake anamwambia kwamba hapa hutapika tena, na watoto wako watakula wapi hainihusu.

Nakumbuka asubuhi uliyotoka na kikapu. Nywele ulizonyoa kwa ajili ya Wandera zilikuwa bado hazijaota. Ulipita nyumba kwa nyumba ukiomba kigae kimoja cha chungu kilichovunjwa, na mimi nyuma yako nikitazama miguu yako kwa aibu. Baba mdogo Oundo alikuwa ameketi na vijana wake wakinoa mikuki, akasema kwa sauti ili wote wasikie, "Dada, wenzako wanaomba damu ya mwanao ilipwe, wewe unaomba takataka?"

Nawe hukusimama hata kidogo. Ulisema, "Takataka hii ndiyo mliyotuachia ninyi wanaume. Nipishe."

Mimi nilidhani huzuni imekuchanganya. Nisamehe kwa hilo. Nilikuuliza njiani vigae vya nini, ukanijibu kama mtu anayefundisha kazi, bila kupamba: udongo mbichi peke yake hupasuka motoni. Lazima ndani yake kuwe na kitu kilichokwisha kuungua, ndipo ustahimili. Basi chungu cha kupatanisha hutiwa vigae vya kila nyumba iliyoumizwa, vya pande zote mbili, visagwe pamoja mpaka mtu asijue cha nani ni kipi.

Tukavuka. Wewe, mimi na kikapu. Vijana wa ng'ambo walitufuata hatua kwa hatua wakiwa na mapanga, nawe ukawasalimia kwa Kiteso mmoja mmoja, ukiuliza mama zao hawajambo, mpaka wakaona haya wakabaki nyuma.

Mama Apolot alikuwa mlangoni mwake. Hakutupa kiti. Uliketi chini, nami nikaketi chini, mpaka kuku wakaizoea miguu yetu wakaanza kuchakura katikati ya vidole. Mwishowe akasema, "Iko chungu gani mimi bado nayo? Yote nyinyi vunja."

Ukamwambia, "Nimekuja kuomba kigae kimoja. Cha kile alichokuwa akilia chakula Emojong."

Aliingia ndani. Nilifikiri anakwenda kuchukua panga. Alirudi na kipande kina masizi upande mmoja, amekifunga katika kitambaa kama kitu cha kanisani. Akasema, "Chukua. Lakini utasaga wewe mwenyewe, hapana mtu ingine." Nawe ulikisaga mwenyewe, pamoja na kigae cha chungu cha Wandera, na kila uliposukuma jiwe ulikuwa ukikohoa. Nilitaka kukupokea. Ulinikatalia kwa kiwiko.

Ulikifinyanga ukiwa mgonjwa. Ulizungusha ule ukambaa wako uliosukwa pale shingoni, ukapata mistari yako ambayo kila mwanamke kutoka hapa mpaka Tororo anaitambua, kisha ukabonyeza dole gumba ndani ya shingo, alama yako, mahali ambapo jicho halifiki. Ukasema kikauke taratibu ndani ya nyumba, kisipigwe na jua wala upepo, na mvua ndiyo kabisa. Kilikuwa hakijakauka vizuri ulipotuacha.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe.

Siku ya mazishi yako chifu alikuja. Hakuwa amekuja ulipofiwa na Wandera, hakuja ulipopita na kikapu, lakini msibani kuna watu wengi na yeye anapenda watu wengi. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika, basi Baba mdogo akaamua kwamba chifu na wageni wake wakae ndani ya nyumba yako ya kazi. Akawaambia vijana, "Toeni hayo mavyungu humo. Mheshimiwa atakaa wapi?" Wakayatoa. Yote. Na hicho cha kupatanisha nacho. Baba mdogo mwenyewe alikishika upande mmoja, akakiweka nje kando ya ghala, akafuta mikono kwenye suruali, akaenda kupanga viti.

Mimi nilikuwa kando ya mwili wako pamoja na akina mama. Nilisikia mvua ikianza juu ya nyasi, ile mvua ya alasiri ya msimu wa kupanda isiyobembeleza, na kupitia mlangoni niliona viti vya kukunja vikiingizwa pale ambapo chungu kilikuwa kinakaa. Nikajua. Nilifungua mdomo niseme kikatolewe mvuani. Mama alidhani nataka kulia, akanivuta akanikumbatia, na wanawake wakapandisha sauti za kilio ili kunisaidia. Nikazama ndani ya vilio vyao na neno langu mdomoni.

Mvua ilipokatika nilikikuta kimekaa chini kama mtu aliyechoka. Tumbo lilikuwa limefumuka, shingo imelala juu yake, na mistari yako imefutika. Mtu alikuwa amekanyaga ukingo akipita. Ndani ya nyumba chifu alikuwa akila.

Hawakujua walichokifanya, Senge. Mpaka leo hawajui. Hilo ndilo linaloniunguza kuliko yote. Kama wangekivunja kwa makusudi ningesema wana uadui. Lakini hawakukitambua. Chungu kilichobeba nyumba zote zilizoungua za pande mbili, wao walikiona ni kitu kinachozuia kiti.

Ningepiga kelele wakati ule, mchana ule, ingekuwaje? Nilifikiri haraka kuliko nilivyowahi kufikiri darasani. Wangesema chungu cha amani kimerudi kuwa tope siku ile ile aliyozikwa mfinyanzi wake. Wangesema ni ishara. Vijana wa Baba mdogo walikuwa wanatafuta ishara tangu siku nyingi, na wa ng'ambo pia. Kabla ya matanga kwisha tungekuwa tunazika wengine.

Basi nikachukua beseni, nikazoa tope lote mpaka chembe ya mwisho, nikafunika kwa jani la mgomba na kubeba kichwani kwenda kwenye kibanda chetu karibu na shimo la udongo, ambako wanaume hawafiki. Mama aliniona nikitoka, akawaambia wenzake, "Mwacheni Nafula, anakwenda kulia peke yake." Mara hii unyamavu wangu ulinifaa. Hakuna anayemuuliza mtu ambaye hajibu.

Niliutoa majani na unyoya wa kuku. Niliuacha upungue maji, nikaukanda. Chembe za vigae zilikuwa bado zimo zote, zinanikwaruza viganja, na sikuweza kujua ipi ni ya Emojong na ipi ni ya Wandera, kama ulivyosema. Mara ya kwanza ukuta uliniangukia. Mara ya pili nikaharibu tumbo. Nilikuwa nalia na kumtukana Baba mdogo kwa maneno ambayo sitayaandika hapa. Kila siku ya matanga nilirudi, siku nzima, na nyumbani wakasema mtoto huyu alimpenda shangazi yake kweli. Nikapanga msokoto wa udongo juu ya msokoto, nikakwangua kwa kile kipande chako cha kibuyu, mpaka kikasimama. Shingoni nikazungusha ukambaa wako. Mistari ilitoka.

Nilisita kwenye dole gumba. Kukiacha bila alama, mtu angeuliza. Kukitia alama, ni uongo. Mwishowe nikabonyeza langu, mahali pale pale. Limeingia vizuri mno, kana kwamba udongo ulikuwa unalingoja. Samahani kwa kusema hivyo, lakini ni kweli.

Wafinyanzi wenzako walikikuta kibandani kimekauka. Wakatikisa vichwa, wakasema, "Marehemu ameacha kazi." Wakakichoma wao wenyewe kwa kuni na nyasi na samadi, na kilipopoa mmoja akakigonga kwa kidole kikalia kama kengele. Walicheka kwa furaha, wakafuta machozi. Mimi nilizoa majivu.

Siku ya kupatana ilikuwa baada ya kuvuna ulezi. Ulezi ukatoka huku na kule, ukachanganywa, pombe ikapikwa, na chungu kikawekwa kivukoni na mirija mirefu ikachomekwa pande zote. Mama wa waliouawa ndio wa kwanza kunywa, kwa mrija mmoja. Nafasi yako iliachwa wazi, na kigoda chako kikawekwa. Mama Apolot alinywa, akanywa tena, akasema hiyo ya pili ni yako. Niliwaona wanaume wenye makovu wakitazama pembeni. Hapo Senge, ningekufa siku hiyo, nisingelalamika.

Lakini palikuwa na meza. Chini ya turubai, mbali na chungu, wameketi chifu na mkuu wa ng'ambo na wageni wenye kofia, wanakunywa bia ya chupa. Kwenye chungu hawakusogea. Zikaja hotuba. Serikali zetu mbili. Hekima ya wazee wetu. Baba mdogo akapewa blanketi, na mwenzake wa ng'ambo akapewa blanketi. Baba mdogo, aliyekuwa akinoa mikuki, akasimama na blanketi begani akasema, "Sisi tuliona damu imetosha." Kisha chifu akawashukuru akina mama kwa chakula.

Kwa chakula.

Nilitafuta jina lako katika hotuba zote. Nilidhani labda limo mwishoni. Mtu mwenye kamera akawapanga wanaume mbele ya chungu, akasema wale wamama wasogee kidogo, wanaleta kivuli.

Kisha Baba mdogo akainua mkono. Akasema, kwa kuwa kazi imekamilika, sisi wazee tunamkabidhi Mheshimiwa chungu hiki akipeleke bomani, wageni wakione. Na hapa kivukoni tutajenga mnara wa saruji. "Mimi nimefanya kazi ya saruji Tororo," akasema, "saruji naijua. Haivunjiki ovyo kama vitu vya wanawake." Watu wa meza wakapiga makofi.

Unajua na mimi najua. Chungu hicho hakiondoki. Hukaa mikononi mwa wanawake wa pande zote mbili, na kila mavuno hunywewa upya, na penye ugomvi hutolewa kikawekwa njiani. Kikichakaa na kuvunjika husagwa kiingie katika kingine. Kikipelekwa bomani huwa pambo tu, na mnara wa saruji hauwezi kumnywesha mtu na adui yake. Niliwatazama wanawake wetu. Walikuwa wameinamisha vichwa. Nikajikuta nimesimama.

Nikasema, "Hakiendi."

Ilikuwa sauti ndogo lakini ilisikika, kwa sababu hakuna aliyekuwa amewahi kuisikia. Baba mdogo akageuka, akanitafuta kwa macho, akanipata. "Ee, leo bubu wa shule amepata ulimi," akasema. "Hakiendi kwa nini, binti? Kwani umekifinyanga wewe?"

Watu walicheka. Wakacheka Wasamia, wakacheka Wateso, kicheko kimoja. Siku nzima ya hotuba haikuwa imewaunganisha hivyo.

Nami nilikuwa na jibu. Senge, lilikuwa limekaa juu ya ulimi, neno moja fupi tu, na ni kweli tupu. Ningesema ndiyo, wangeniuliza, na kila kitu kingetoka, na wangesema amani hii imefinyangwa na mtoto, ni batili, na mikuki ilikuwa bado imelala nyumbani kwenye dari. Ningesema hapana, ningekuwa nimekukana wewe na nafsi yangu, na chungu kingepanda gari. Nilisimama nimefunga mdomo, machozi yananishuka, na wao walidhani ni aibu.

Mama Apolot ndiye aliyeweka mrija wake chini. Alipiga magoti kwenye chungu, pombe ilikuwa imepungua, akaingiza mkono shingoni kama mtu anayetafuta kitu alichokiacha. Aliuzungusha polepole. Ukasimama penye alama. Akainua uso akanitazama mimi. Akanitazama muda mrefu hata kicheko kikafa chenyewe.

Kisha akamwambia Baba mdogo, "Mwenye chungu amekataa."

"Mwenye chungu tulimzika, mama," akasema Baba mdogo.

"Mimi nasikia yeye. Wewe hapana sikia? Basi kunywa bia yako ya chupa."

Hapo kicheko kilirudi, na safari hii hakikuwa cha kunicheka mimi. Mama Apolot akaketi chini akanyoosha miguu kukizunguka chungu. Mwanamke wa kwao akaketi karibu naye akanyoosha miguu. Halafu Mama, Mama yangu huyu ambaye hajawahi kumpinga shemeji yake hata kwa kukohoa, akaenda akaketi. Wakajaa, wa huku na wa kule, miguu imenyooshwa pande zote. Na ni mwanamume gani, hata awe chifu, atakayeruka miguu ya mama aliyezaa mbele ya watu? Chifu alitazama saa yake. Akasema ana mkutano mwingine. Gari likaondoka na blanketi zikabaki.

Tulipokuwa tunaosha mirija kijitoni, Mama Apolot alinishika mkono. Akalipima dole gumba langu kwa lake, akalibonyeza kidogo. Akasema, "Dada yangu ugonjwa lilikula yeye mpaka vidole. Hii dole ya chungu iko na nyama." Basi. Hakuniuliza na sikumjibu, kwa hiyo sijasema uongo, wala sijatoa siri.

Tangu hapo mambo ni haya. Picha imetoka gazetini, imebandikwa ofisini kwa chifu. Utaona wanaume na kofia, na nyuma ya mguu wa suruali ya Baba mdogo utaona ukingo mdogo wa kitu cheusi. Hicho ndicho chungu. Sasa wanamwita Mzee wa Amani, ameitwa vijiji vingine akawafundishe walivyofanya. Anawafundisha nini? Kupanga viti?

Lakini amani ipo. Lazima nikwambie hilo pia. Wasichana wa kwao wanakuja tena kuchimba udongo, na ng'ombe wetu kiangazi hiki walivuka. Walikula muhogo wa mtu, vijana wakaanza kukusanyika kivukoni kama zamani, na Mama Apolot na wenzake wakatoka na chungu wakakiweka njiani wakaketi. Wale vijana walisimama, wakazungukazunguka, wakaenda zao. Na mimi siku za soko nakwenda naye Tororo, nakaa mahali pako. Ananicheka ninavyowaogopa wateja. "Chungu haiuziki kwa macho," ananiambia. "Sema kitu."

Ninachotaka kusema ni hiki, na sina wa kumwambia. Kama chungu kinashika, basi ile sheria ina kasoro. Na kama wakijua ni dole la nani limo ndani wataacha kupatana, basi walipatana juu ya nini? Nalala nikifikiri. Kwa nini lazima awe amezika mtoto? Kwa nini amani inangoja mpaka mwanamke afiwe ndipo mikono yake ifae, na wanaume wanaomfanya afiwe wanapewa blanketi? Wewe ulitimiza sharti hilo. Mama Apolot amelitimiza. Mimi silitaki. Namwambia Mungu kila siku kwamba silitaki.

Nakuahidi jambo moja. Kikipasuka, mimi ndiye nitakayepita na kikapu, hata kama sauti itakwama, na vigae vyake nitavisaga kwa mkono wangu. Nitafinyanga kingine mchana, watu wakitazama, na watoto wangu, nikijaliwa, wakiwa hai wote wanachezea udongo pembeni. Wakiuliza nani amekifinyanga nitataja jina langu, na pamoja nalo lako, ulilonyimwa siku ile. Udongo ulikuwa wako. Nilirudisha tu kilichonyeshewa.

Kwaheri, Senge. Hujui kusoma, kwa hiyo nitakusomea karatasi hii pale kibandani, polepole, halafu nitaitia katika moto tutakapochoma vyungu vya soko. Mpaka siku hiyo niliyokuahidi, nakuomba sana, kaa na siri hii. Kama umekutana na Emojong huko, usimwambie. Na Wandera usimwambie kabisa. Unamjua mwanao, hajui kuficha neno, na sitaki lianze kusikika hata huko.

Ni mimi,
Nafula